Mshipa wa fahamu nao una posho yake

Haya ni maneno niliyoyasema Tanga mbele ya wenye kisukari, jamaa zao, wahudumu wa afya wa vijijini na vijana wa bodaboda. Wengi waliokosa kufika wameyaomba, nami nayaweka yote kama yalivyotoka. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana wa bodaboda mliokaa kule mlangoni, mambo vipi? Sogeeni mbele, habari ya leo ni yenu pia.

Nianze kwa kuuliza. Nani humu ndani huamka usiku kwa kuwa nyayo zinawaka moto? Inueni mikono, msione haya. Nani akishuka kitandani asubuhi huhisi amevaa soksi, na kumbe miguu iko mitupu? Nani ndala ilimvuka njiani, akaendelea na safari mpaka mjukuu akamwambia, bibi, kiatu chako kimebaki kule?

Naona mikono. Naona mikono mingi. Shusheni, ahsanteni.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Nyinyi mnatuita watu wa mazoezi, na jina hilo latutosha. Kuna maswali mawili ambayo hayaishi mlangoni kwangu. La kwanza: mshipa ukishakufa, unarudi? La pili: si kuna dawa ya kuuotesha, mbona hamtupi? Na nikisema mshipa leo nasema mshipa wa fahamu, ule unaopeleka habari na kuleta amri, si wa damu.

La kwanza lina jibu fupi. Unaota. Mshipa wa mkononi au wa mguuni ukiumia huweza kuota tena, na katika hilo umebahatika kuliko ubongo na uti wa mgongo, ambao huota kwa shida kubwa. La pili ndilo lililonileta hapa, na jibu lake ni refu.

Tuuone kwanza mshipa wenyewe. Kila mtu aguse kidole gumba cha mguu wake. Haya, guseni. Uzi unaohisi pale kwenye ncha haukuanzia mguuni. Umeanzia kwenye seli moja iliyokaa kiunoni, kando ya uti wa mgongo, ukateremka takoni, ukapita nyuma ya goti, ukafika kidoleni. Kwa mtu mzima ni kama mita moja. Ni seli moja, wala huioni bila hadubini, na mkono wake una urefu wa mita nzima! Sasa niambieni: seli hiyo iliyoko kiunoni inajuaje kwamba kule chini bado kuna kidole kinachoihitaji?

Wazee wangu mliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na nyinyi ambao baba zenu walifika huku wakiwa manamba, mnaijua posho. Kibarua alipewa unga na maharage kule kule alikokuwa kazini. Asiyekuwa kazini hakuwa na posho. Mshipa wa fahamu huishi hivyo hivyo. Ngozi na misuli hutengeneza protini ndogondogo ambazo wataalamu huziita vichocheo vya ukuaji, na huzitoa kwa kipimo. Ncha ya uzi huipokea posho hiyo, kisha huisafirisha kwa ndani ya uzi wenyewe, juu mpaka gotini, mpaka pajani, mpaka kwenye seli kiunoni. Ikifika, seli hupata habari kwamba bado ina kazi, nayo huendelea kuishi. Isipofika, seli husinyaa, na nyingine hujiua zenyewe.

Nani aliyelijua jambo hili kwanza? Nataka mabinti zetu walioko humu wasikilize vizuri hapa.

Rita Levi-Montalcini alizaliwa Torino, Italia, mwaka 1909. Akasomea udaktari, akaanza utafiti wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ikatunga sheria za kuwabagua Wayahudi, na Rita alikuwa Myahudi. Akatolewa chuo kikuu. Hana kazi, hana maabara, na vita inakuja. Wangapi kati yetu tungesema basi, Mungu hakupanga? Rita aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Sindano za kushonea nguo alizinoa, zikawa visu vyake vya upasuaji. Na alichochunguza ni kitu ambacho hata kule Muheza vijijini hukikosi: yai la kuku lenye kifaranga kinachoanza kuumbika. Mabomu yalipozidi Torino, familia ikahamia shamba, naye akaendelea kule kule, mayai akiyapata kwa wakulima.

Aliona nini ndani ya mayai hayo? Alikata kichipukizi cha mguu au bawa kabla hakijakua, kisha akafuatilia mishipa iliyokuwa ielekee huko. Mtaalamu mkubwa wa wakati ule, Viktor Hamburger, alikuwa ameeleza kwamba bila bawa, seli za mishipa hazikomai. Rita aliangalia siku baada ya siku, akaona mambo mengine. Seli zilikomaa. Nyuzi zilianza safari. Kisha zikafa, kwa sababu kule zilikokwenda kulikosekana kitu. Kitu gani? Hakuna aliyejua.

Baada ya vita, mwaka 1947, Hamburger mwenyewe, yule yule ambaye kazi yake ilikuwa imepingwa, akamwalika kwake St. Louis, Marekani. Mimi humheshimu Hamburger kwa jambo hilo kuliko kwa vitabu vyake. Kule wakafuatilia jambo la ajabu lililokuwa limeonekana: ukipandikiza uvimbe fulani wa saratani ya panya ndani ya yai, mishipa ya kifaranga huukimbilia na kuota kupita kiasi. Mwaka 1952 Rita akapanda ndege kwenda Rio de Janeiro akiwa amebeba panya wawili wenye uvimbe huo, kwa kuwa kule kulikuwa na maabara ya kukuza seli ndani ya kioo. Akaweka kipande cha uvimbe karibu na fundo la seli za mishipa. Hakuvigusanisha. Haukupita muda, nyuzi zikachomoza pande zote za lile fundo, kwa wingi ambao hakuwahi kuuona. Uvimbe ulikuwa unatoa kitu majimaji, na kitu hicho ndicho kilichoita nyuzi.

Kukitoa kitu hicho kikiwa safi ikawa kazi ya mwenzake, mkemia Stanley Cohen. Na hapa ndipo habari inapogeuka. Cohen alitumia sumu ya nyoka kama dawa ya maabara tu, kuvunja uchafu fulani ndani ya mchanganyiko wake. Kumbe sumu ile yenyewe imejaa kichocheo kilekile, na kwa wingi kuliko uvimbe! Akajiuliza: sumu ya nyoka hutoka kwenye tezi inayofanana na tezi za mate, je, mate ya wanyama wengine? Akapima tezi za mate za panya dume, akakikuta kwa wingi tele. Kichocheo hicho kikaitwa NGF, na mwaka 1986 Rita na Cohen wakapewa tuzo ya Nobel. Rita aliishi mpaka 2012, akafariki akiwa na miaka 103.

Baada ya NGF wakapatikana ndugu zake. BDNF ilitolewa mwaka 1982 kwenye ubongo wa nguruwe. GDNF ilifuata mwaka 1993. Msishike herufi, shikeni jambo moja: kila aina ya uzi ina posho yake. Nyuzi za maumivu na joto hutegemea NGF. Nyuzi zinazoamrisha misuli hutegemea zaidi BDNF na GDNF. Zile zinazokujulisha mguu wako uko wapi hata ukifumba macho zina nyingine tena.

Sasa nije kwenye jeraha. Hapa naomba vijana wa bodaboda waache simu kidogo.

Kuna kijana mvuvi, kazi yake iko Deep Sea, hapa hapa Tanga, alijikata na kioo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo. Alishonwa ngozi, na ngozi ikapona vizuri, kovu jembamba kabisa. Lakini kidole kidogo na nusu ya kile cha pete vikabaki na ganzi. Nyumbani wakamwambia asubiri, itaisha. Aliponijia mwaka ulikuwa umeshapita. Nikampa karatasi aishike kati ya gumba na kidole cha shahada, nikaivuta taratibu. Gumba lake likajikunja kwenye kiungo cha mwisho, likihangaika kuikamata, na karatasi ikatoka bila kazi. Nikaangalia mgongo wa kiganja: ile nyama iliyo kati ya gumba na shahada ilikuwa imebonyea, ngozi imelala juu ya mfupa. Akaniambia kinachomuuma zaidi si ganzi. Hawezi tena kushika sindano ya kushonea nyavu.

Nini kilitokea ndani ya mkono ule?

Mwaka 1850 daktari Mwingereza, Augustus Waller, alikata mishipa ya ulimi wa chura akaichunguza. Akakuta sehemu iliyotengwa na seli yake huvunjikavunjika vipande na kwisha. Yaani kuanzia pale kwenye kovu la yule kijana mpaka kwenye ncha za vidole, uzi wote wa zamani ulikufa ndani ya siku chache. Hakuna kuunga uzi wa zamani. Ni lazima uote mwingine kuanzia kwenye kidonda.

Lakini njia haibaki tupu, na hili hunistaajabisha kila nikilisoma upya. Kila uzi umezungukwa na seli zinazoulinda, seli za Schwann, zilizopewa jina la Mjerumani Theodor Schwann aliyezieleza mwaka 1839. Siku zote kazi yao ni kuufunika uzi kwa tabaka la mafuta ili habari zipite haraka. Uzi ukifa, seli hizi hubadili kazi. Huyaacha mafuta, hushirikiana na seli za ulinzi za damu kusafisha mabaki, huongezeka idadi, kisha hujipanga mstari kufuata njia ile ile ya zamani. Na kubwa kuliko yote, huanza kutoa posho zenyewe: NGF, BDNF, GDNF. Mshipa hauwezi tena kufuata posho ngozini, basi posho husogezwa njiani. Nani aliyezifundisha? Subhana-llah!

Ila posho hiyo ina muda. Hapo ndipo roho yangu inapouma. Kwenye panya wa maabara, GDNF hupanda ndani ya siku za mwanzo tu baada ya mshipa kukatwa, na ikifika miezi sita imeshuka sana. Seli za Schwann zilizokaa muda mrefu bila kupata uzi huchoka na kupungua. Na uzi unaoota nao unatembea polepole: kiasi cha milimita moja kwa siku, yaani sentimita tatu hivi kwa mwezi.

Tupige hesabu pamoja. Kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole ni kama sentimita 18. Miezi sita. Mshipa ukiumia takoni, mpaka unyayoni ni sentimita 80 au zaidi. Miaka miwili na ushee. Je, misuli inasubiri? Haisubiri. Msuli usiopata mshipa kwa mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu hugeuka makovu na mafuta, na hata mshipa ukifika baadaye haukuti cha kuamrisha. Ngozi huvumilia zaidi, msuli hauvumilii.

Kwa hiyo nasema tena, na nitasema mpaka mnichoke. Mshipa unaota, lakini hausubiri. Umekatwa na panga, na kioo, na bati, kisha kidole kimebaki ganzi? Hausubiri. Umeanguka na pikipiki, bega limevutwa, mkono unaning'inia? Hausubiri. Mtoto amechomwa sindano ya tako na siku hiyo hiyo ameanza kuburuta mguu? Hausubiri, mlete siku hiyo hiyo. Kidonda kinaposhonwa, uliza swali hili kwa adabu: dokta, mshipa wa fahamu umeangaliwa? Ncha mbili za mshipa uliokatwa zikiunganishwa mapema na daktari wa upasuaji, nyuzi huikuta njia ingali na posho.

Kuna Mwingereza mmoja, Henry Head, alitaka kujua kwa uhakika mshipa unavyorudi. Alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, na wagonjwa wake walishindwa kumweleza wanachohisi kwa ukamilifu aliotaka. Tarehe 25 Aprili 1903 akalala kitandani, akamwambia daktari wa upasuaji aukate mshipa wa hisia kwenye mkono wake mwenyewe wa kushoto, kisha aziunganishe ncha kwa uzi wa hariri. Halafu kwa zaidi ya miaka minne akawa anakwenda Cambridge kwa rafiki yake Rivers, ambaye alimpima kwa sindano, kwa pamba, kwa baridi na kwa joto, Head akiwa amefumba macho. Walichapisha matokeo mwaka 1908. Hisia ya kuchomwa ilirudi mapema zaidi. Mguso mwepesi, na kujua hasa umeguswa wapi, vilichelewa mno na havikurudi kama zamani. Maelezo yake ya sababu yalipingwa na wengine baadaye, lakini kipimo chake cha subira hakuna aliyekipinga. Mgonjwa wangu akiniambia mwezi wa tatu kwamba hisia imerudi vibaya, kila kitu kinamuwasha na kumchoma, humweleza habari za Head, na kwamba hizo mara nyingi ni dalili za uzi mchanga ulio njiani.

Nasi tunao ujanja wa kujua uzi umefika wapi. Tunagonga kwa ncha ya kidole juu ya njia ya mshipa, kuanzia chini kwenda juu. Pale nyuzi changa zilipofika, mgonjwa hupigwa na shoti. Mwezi ujao tunagonga tena, na shoti imesogea mbele. Mwaka 1915, katikati ya vita, Mjerumani Paul Hoffmann na Mfaransa Jules Tinel waliandika dalili hii kila mmoja upande wake, mataifa yao yakipigana.

Nasikia minong'ono. Nasikia mama mmoja hapa anasema: basi tuchomwe hiyo posho, tumalize kazi. Mama yangu, umefikiri walivyofikiri wataalamu wakubwa duniani.

Waliona kwamba kwenye ngozi ya mwenye kisukari NGF hupungua. Basi wakaitengeneza maabara, ikiwa sawa na ya binadamu. Majaribio ya mwanzo yalitia moyo. Likafanyika jaribio kubwa Marekani: watu 1,019 wenye kisukari na ganzi ya miguu, wengine wakichomwa NGF, wengine maji yasiyo na dawa, mara tatu kwa wiki kwa wiki 48, bila mtu kujua amepata kipi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Hapakuwa na tofauti ya maana. Watu elfu moja, karibu mwaka mzima wa sindano, na hakuna tofauti ya maana.

Kwa nini? Sababu moja ni hii: NGF ni mlishaji wa nyuzi za maumivu, na pia ndiyo inayozichochea. Ukiichoma mwilini, inauma. Pale ilipochomwa wagonjwa walilalamika maumivu, na kipimo kikabidi kiwe kidogo, pengine kidogo mno kufaa. Na kuna ushahidi kutoka upande wa pili. Wapo watoto wanaozaliwa na kasoro kwenye mlango unaoipokea NGF kwenye seli. Nyuzi zao za maumivu haziishi. Hawahisi maumivu kabisa, hata jasho hawatoi. Mtu atasema, raha iliyoje! La hasha. Watoto hao hujitafuna ndimi na vidole, huvunjika mifupa wasijue, na homa huwaua. Wakati mwingine wataalamu wamejaribu kinyume chake, kuizuia NGF ili kutuliza maumivu ya magoti. Maumivu yalipungua, lakini kwa baadhi ya watu viungo viliharibika upesi, na mwaka 2021 jopo la washauri Marekani likapiga kura 19 kwa 1 kwamba faida yake haizidi madhara.

Palipofanikiwa ni jichoni. Kuna ugonjwa ambao kioo cha jicho hupoteza hisia na kidonda chake hakiponi. Matone ya NGF, mara sita kwa siku kwa wiki nane, yalikubaliwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018. Pale dawa inatiwa mahali penyewe, padogo. Mguu ni mkubwa, na mshipa wake una urefu wa mita.

Kwa hiyo nasema waziwazi, na aliyekuja na daftari aandike. Mpaka leo hakuna kidonge, hakuna sindano, hakuna mafuta ya kupaka ya vichocheo vya ukuaji yaliyothibitishwa kuotesha mishipa ya miguu ya mwenye kisukari. Anayekuuzia chupa sokoni, au kukutumia tangazo kwenye simu kwamba yake inaotesha mishipa kwa siku kadhaa, muulize: waliopimwa ni wangapi? Walilinganishwa na nani? Fedha hiyo nunua viatu.

Na vitamini? Vitamini zina mahali pake. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi anaweza kupungukiwa B12, na upungufu huo huharibu mishipa, basi aombe kupimwa. Anayemeza isoniazidi ya kifua kikuu hupewa B6 ili kulinda mishipa yake. Lakini B6 nyingi kupita kiasi, kwa muda mrefu, yenyewe huleta ganzi. Msijichomee sindano za vitamini kila mwezi kwa mazoea.

Niseme neno la ukoma, kwa kuwa bado upo nchini na bado watu wanaufichia aibu. Kimelea chake, alichokigundua Armauer Hansen kule Bergen, Norway, mwaka 1873, hukaa ndani ya zile zile seli za Schwann. Kinamshambulia mgawaji wa posho! Mwaka 1994 watafiti waliripoti kwamba ngozi ya wenye ukoma ina NGF pungufu. Dawa ni bure kwenye vituo vya serikali, miezi sita au kumi na miwili. Baka lisilowasha, lisilohisi pamba, ni la kwenda kupimwa wiki hiyo hiyo, kabla mkono haujapinda.

Basi kama posho haichomwi kwa sindano, tufanye nini? Tuilinde ile ambayo mwili unaitoa wenyewe, na tumlinde kibarua.

Sukari kwanza. Jaribio kubwa la Marekani lililomalizika mwaka 1993, kwa watu wenye kisukari cha aina ya kwanza, lilionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa bidii kulipunguza uharibifu wa mishipa kwa asilimia 60. Kwa aina ya pili, ambayo wengi wetu humu tunayo, faida ni ndogo zaidi, lakini ipo. Sukari ikiwa juu siku zote, uzi mrefu ndio unaoumia kwanza. Ndiyo maana ganzi huanzia vidole vya miguu, ikapanda, na ikifika karibu na magoti ndipo huanza kwenye vidole vya mikono.

Pili, kutembea. Misuli inayofanya kazi hutoa vichocheo zaidi. Kwenye panya jambo hili limeonekana mara nyingi. Kwa binadamu kuna utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2012, watu 17 wenye kisukari na ganzi, waliofanya mazoezi yenye usimamizi kwa wiki 10. Maumivu yalipungua, na vipande vya ngozi vilipoangaliwa, nyuzi zilikuwa zimeongeza matawi. Watu 17 ni wachache, siwezi kuapa juu yao. Lakini zoezi halina bei, na mnaweza kuanza jioni ya leo kwa kutembea kule Raskazone upepo ukiwa mzuri. Yule kijana mvuvi ninaendelea naye kwa mazoezi ya vidole, ili viungo visikakamae. Kwa wenye jeraha jipya, wenzetu Kanada wameonyesha kwamba umeme mdogo, mapigo 20 kwa sekunde kwa saa moja tu baada ya upasuaji, huamsha BDNF na kuharakisha nyuzi kuvuka mahali palipounganishwa. Natamani siku moja tuupate na huku.

Tatu, viatu. Viatu! Mzee mmoja wa Pongwe alikuja kwangu na tundu unyayoni, hajui limetoka wapi. Nikakichukua kiatu chake, nikaingiza mkono ndani. Msumari. Umetokeza kwenye soli, umeshika damu iliyokauka, na amekivaa tangu Ijumaa, msikitini amekwenda nacho na sokoni amekwenda nacho. Mzee yule hakuwa mzembe. Nyuzi zake za maumivu zilikuwa zimekwisha, na mtu asiyeletewa habari atajuaje? Kwa hiyo kila asubuhi ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu. Kila jioni angalia nyayo. Huoni vizuri, mwite mjukuu. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Jikoni usikae pekupeku karibu na mkaa, wala usitembee pekupeku kwenye mchanga wa pwani saa saba mchana.

Sasa tunavua viatu. Dada zetu wauguzi wako chumba cha pili na uzi wa nailoni, ule unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10. Utafumba macho, utaguswa unyayoni, na kila ukihisi utasema ndiyo. Ni dakika chache, hauumi. Asiyehisi ataandikiwa kwenye kadi yake na kupangiwa kliniki ya miguu. Waliotoka Pangani na Mkinga waanze, gari zao zinaondoka mapema. Viatu vyenu acheni hapa mlangoni vikiwa wazi, maana tutavikagua navyo kimoja kimoja. Vijana wa bodaboda, nyinyi bakini na mimi, niwaonyeshe namna ya kumfunga mkono mtu aliyeumia bega kabla hamjampakia.